Wanataka Okoth Aombe Radhi kwa Matanga Yako

Baba Okoth,

Pokea salamu zangu mimi Mama Okoth, mke wako, niliye mzima isipokuwa goti la kushoto, hilo unalijua. Achieng' anakusalimu. Yuko kidato cha tatu sasa, na karatasi hizi amezichomoa katikati ya daftari lake la Jiografia, akaniambia, "Mama, andika pole pole, usitoboe." Mama yako anakusalimu kutoka nyumbani, ingawa wewe na yeye mko boma moja sasa na huenda mnaonana kuliko ninavyomwona mimi. Shemeji Ogola anakusalimu, na ndiye atakayebeba barua hii Jumamosi akienda kuangalia mahindi. Nimemwambia aiweke chini ya lile jiwe la upande wa kichwa, asiifungue. Mama Chebet jirani yetu wa laini za wafanyakazi anakusalimu. Siku tuliyohama alituletea kibuyu kizima cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, akalia kwa Kikipsigis nami nikalia kwa Kijaluo, tukaelewana. Wachezaji wako wa zamani wanakusalimu, wale waliobaki, hasa Kiprono golikipa, yule uliyekuwa ukimwita Mlango Wazi. Jogoo wako ni mzima, kelele nyingi, kazi hakuna. Na Okoth anakusalimu kutoka ng'ambo, ila salamu zake safari hii zina maneno ndani, na maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha chini leo mvua ilipoanza.

Mimi nilifika darasa la nne tu. Ukiona mstari umepinda, pinda na wewe kichwa.

Kwanza nikueleze tulipo, maana ukitutafuta laini hutatupata. Nyumba ile ilikuwa ya kazi yako ya boila kiwandani, haikuwa yetu. Walitupa mwezi mmoja, wakaongeza wiki moja kwa heshima yako, wiki iliyopita ikaisha. Sasa tuko Kiptere. Ukifika sokoni pita posho mill, hesabu milango mitatu, wetu ni wa kijani, una ufa chini. Achieng' ameziba ufa kwa gunia kwa sababu ya baridi. Nitamwambia atoe.

Nachuna chai ya watu. Kule estate mashine ndizo zinachuna siku hizi, zinapita juu ya chai kama kinyozi na mtoto mkaidi, na sisi wa mikono tumebaki kwa wenye mashamba madogo. Kazi ni ileile, majani mawili na chipukizi. Shida iko kituoni pa kupimia. Karani anamwaga kikapu chako juu ya gunia, anachambua, jani gumu anatupa kando, lililobaki ndilo anapima. Sawa, hiyo ni kazi yake. Lakini kuna mama mmoja, dada ya mke wake, huyo kikapu chake hakimwagwi. Juzi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni nikaona majani yake kwa macho yangu, magumu ya kulisha mbuzi. Yakapimwa hivyo hivyo. Yangu yakamwagwa, karani akaokota jani moja akaliinua juu watu wote waone. "Mama Okoth, hii ni chai ama ni sukuma wiki?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini.

Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu la Okoth nimelielewa nikiwa pale, na kikapu kitupu mkononi.

Hukuona buru yako, kifo kilivyofukuzwa, kwa hivyo nikueleze. Ilikuwa kubwa. Mchungaji alisema tuimbe nyimbo za kanisa tu zitoshe, lakini ndugu zako wakasema mwanamume aliyefika umri wako hazikwi kama kuku. Asubuhi baada ya kukuzika wakatoa ng'ombe wote wa boma na wa majirani, wakawakimbiza hadi mpakani mwa shamba kukifukuza kifo kilichokuchukua. Yule fahali mweupe ambaye Ogola alimnunua sokoni Mulot alikataa kukimbia. Aliingia kwenye mahindi ya jirani akasimama anakula, na Ogola anapiga kelele, "Hata wewe hukumpenda?" Watu walicheka huku wanalia.

Na Okoth alikuwa mbele. Alivua shati. Alijifunga majani kiunoni na ile jezi yako ya njano ya timu ya kiwanda akaifunga kichwani. Alipuliza filimbi, akaruka, akarusha fimbo, akapiga kelele za kukitukana kifo mpaka sauti ikaisha. Uso wake ulikuwa umelowa wote, meno yote nje. Ungemwona ungesema anacheka. Hakuwa anacheka. Tangu alipotua uwanja wa ndege mpaka asubuhi ile hakuwa amelia hata tone, nikawa na wasiwasi naye, unajua mimi. Pale ndipo alipokulilia.

Achieng' alipiga video kwa simu.

Klabu anakochezea mpira kule ng'ambo ilikuwa imempa siku saba. Zilipofika alitaka kuondoka, na mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, hutaondoka na nywele za baba yako kichwani, ngoja siku ya nne baada ya maziko tunyolewe sote. Akasema, "Mama, watanikasirikia." Nikasema wakasirike, kwani wao hawana baba? Akakaa. Akanyolewa. Alirudi kule na kichwa kinang'aa kama yai, siku nne zimezidi. Alipiga simu kwa yule mkubwa wao akamweleza kabla zile saba hazijapita, hilo nalijua, nilikuwa nimekaa kando yake kwenye kiti.

Sasa sikiliza.

Timu yao ilicheza mechi mbili bila yeye, ikashindwa zote. Halafu magazeti ya mji ule yakaipata ile video. Achieng' alinisomea, simu inamgeuzia lugha na yeye ananigeuzia tena. Waliandika kwamba timu inazama huku yeye yuko kwenye sherehe Afrika. Waliandika kwamba amerudi na mtindo mpya wa nywele, kwamba badala ya mazoezi alikuwa kwa kinyozi. Mmoja akaandika kwamba kipaji anacho, ila wachezaji wa kutoka huko nidhamu yao ndiyo tatizo siku zote. Nikamuuliza Achieng', huko ni wapi? Huko ni hapa, Baba Okoth. Huko ni kwetu, kwa mama yako, ni ule mpaka wa shamba lako ambapo ng'ombe waligeukia.

Nilimwambia Achieng' atafute kama kuna mwingine aliyefanya kosa kama hilo, nijue kama ni sheria ya kule. Akatafuta, akampata bila kuchoka.

Kuna kijana wanacheza pamoja, anaitwa Jonas, mzaliwa wa mji uleule. Wiki ileile Okoth aliporudi, Jonas alikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Alitakiwa mazoezini Jumatatu, akaja Ijumaa. Mimi ningesema siku nne, hesabu mwenyewe. Video yake nimeiona. Amepanda juu ya meza ya baa bila shati, chupa mbili mikononi, anaimba, meza ikavunjika. Magazeti yaleyale. Waliandika kwamba kijana ana moyo mchangamfu, kwamba anapenda maisha, kwamba mji una bahati kuwa na mtoto asiye na majivuno. Kocha alipoulizwa alicheka akasema na yeye aliwahi kuwa kijana. Mwenye baa akasema ile meza ataiacha ikiwa imevunjika, iwe ukumbusho.

Wote wawili bila shati. Wote siku nne. Mmoja alikuwa amezika.

Simchukii yule Jonas. Okoth anasema ni mtu mzuri, na kwamba Jonas mwenyewe alienda ofisini Okoth alipoitwa, akauliza, "Na mimi je?" Wakamwambia, yako ni tofauti. Akarudi akamweleza Okoth kwa aibu, akitazama viatu vyake. Yeye hakuomba kikapu chake kisimwagwe. Hakikumwagwa tu.

Na usidhani ni wale wa kule peke yao. Hapa sokoni vijana wa boda boda walikuwa na zile video mbili kabla yangu. Ya Jonas wanaicheka, "Huyu mzungu ni mtu wa watu!" Halafu ananiona mmoja wao, mtoto niliyempa uji mimi mwenyewe, ananiita, "Mama Okoth, kijana wako amekula maisha hadi kwenye matanga!" Nikamwambia, wewe ulikula wali sahani tatu kwenye matanga ya babu yako, nani alikuandika gazetini? Wenzake wakamcheka. Lakini nilifika nyumbani nikakaa tu. Sikuweza kuwasha jiko.

Ni kwa sababu ya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Ile video niliiweka mimi. Si kwa mikono yangu, kwa mdomo wangu. Tulipotoka matanga, wale wa laini ambao hawakuweza kuja walikuwa wakisema Okoth amekuwa mzungu, kwamba alikuja na miwani myeusi, akasimama kando ya kaburi kama mgeni na kuondoka. Maneno hayo yaliniuma. Nikamwambia Achieng', weka ile ya ng'ombe, watu waone kama mwanangu ni mzungu. Achieng' aliniuliza mara mbili. "Mama, una uhakika? Yuko tumbo wazi." Nikasema weka. Nilikaa nikahesabu waliopenda. Nilifurahi siku nzima, nikawa namwonyesha kila mtu pale kituoni, hata karani.

Okoth anadhani ni Onyango, mtoto wa Ogola, maana ilimfikia kwanza kutoka kwake. Amemtumia maneno makali, hawasemezani tena. Onyango amekana, hakuna aliyemwamini, Achieng' nimemkataza kusema, na mimi nilikuwa nimekaa palepale nikipepeta mchele. Huo ndio mwanamke uliyemwoa.

Jumanne Okoth alipiga simu mchana. Alisema klabu imeandika karatasi. Anatakiwa kuisoma mbele ya kamera Jumatatu saa nne, kabla ya mazoezi. Akaisoma, akinigeuzia kwa Kiswahili, sauti yake kama mtu anayesoma bei za dukani. "Naomba radhi kwa mashabiki kwa kushiriki sherehe wakati timu yangu ilinihitaji. Tabia niliyoonyesha kwenye video haifai kwa mchezaji. Nimejifunza." Asipoisoma, hatapangwa, na msimu ukiisha hawataandika naye mkataba mwingine. Jonas hakupewa karatasi. Halafu akaniuliza, "Mama, nisome?"

Sikufikiri hata kidogo. Niliona tu ile mashine inayopita juu ya chai, nikaona Okoth amesimama Kiptere bila kazi, mguu wake huo wa dhahabu unakanyaga matope. Nikasema, "Soma tu, mwanangu. Ulimi hauna mfupa. Unasoma, inaisha, unaendelea na mpira wako."

Akanyamaza.

Hakubishana wala hakukata simu. Nilisikia pumzi yake tu, na nyuma yake kitu kama gari linapita. Ule ukimya niliutambua, Baba Okoth. Nimeishi nao nyumba moja.

Unakumbuka fainali ya Bomet. Okoth alikuwa na miaka mitano, alikaa mapajani mwangu mechi nzima, akanikojolea kwa furaha mlipofunga la pili. Mlirudi na kombe jioni jua halijazama. Yule kijana wa kizungu aliyekuja kujifunza umeneja, ambaye alicheza na ninyi pembeni kushoto na hakuwa mbaya, alikunywa, akaingiza pikapu kwenye kitalu cha miche, akalaza miche mistari mitatu. Jumatatu wakubwa walicheka ofisini, wakasema ameshangilia kama mwanamume. Wewe ulilibeba kombe kichwani ukapita nalo laini nyumba kwa nyumba, unagonga milango, unaimba, timu nyuma yako, na Mlango Wazi anapiga debe. Hukuwa umekunywa, wewe hukunywa kamwe. Jumatatu hiyohiyo ukaitwa. Kusumbua wafanyakazi. Tabia isiyofaa kwa mtu anayeaminiwa na boila. Wakakupa karatasi uitie sahihi, kwamba umekosa na hutarudia.

Ulikuja nayo nyumbani mchana kunionyesha. Nilikuwa naosha vyombo. Nikakwambia, "Weka sahihi tu, Baba Okoth, tuna watoto." Ulinyamaza. Ulisimama mlangoni na karatasi, ukanitazama, ukatazama nje, ukatoka. Nami nikadhani umekubali, maana kwako ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nikiuliza ninunue kitenge, unanyamaza, nanunua. Nikiuliza mama aje kukaa, unanyamaza, anakuja. Nilizoea kuusoma ukimya wako kama ndiyo.

Uliweka sahihi. Kisha ukaning'iniza viatu vya mpira kwenye msumari nyuma ya mlango, na hukukanyaga uwanja ule tena. Wachezaji walikuja kukubembeleza, ukawapa chai, ukawapa kiti, uwanjani hukwenda. Viatu vilikaa pale mpaka panya wakazaa ndani. Siku moja tu, miaka mingi imepita, unatengeneza mguu wa stuli, mimi sikuwa nimeuliza lolote, ulisema, "Karatasi ile bado iko mkononi." Ukaendelea kupiga msumari. Sikukuuliza karatasi gani.

Tulipohama laini nilivikuta vile viatu. Nimekuja navyo. Sijui kwa nini nimekuja navyo, havifai kitu.

Basi jana nilikuwa kituoni, karani akanimwagia tena. Nilichutama pale kwenye gunia nikisubiri achambue, na nikamwangalia mkono wake. Alitoa majani magumu matatu. Matatu yalikuwepo kweli, nisiseme uongo, goti liliniuma nikachuna bila kutazama. Akayatupa. Halafu akataka kutupa na konzi nzima ya majani mazuri yaliyokuwa yameshikana nayo. Nikamshika mkono. Nikasema, "Haya matatu tupa, ni makosa yangu. Haya mengine ni chai. Pima." Akasema, "Leo umeamka na upande gani, mama?" Nikasema pima. Yule dada ya mke wake alikuwa pale, akatazama kikapu chake mwenyewe. Karani akapima.

Nilirudi kwa miguu na mvua, nikiwa nimeshajua nitakalomwambia Okoth. Kujua ni kitu kimoja. Kupiga simu ni kingine, ndiyo maana nakuandikia kwanza.

Siku nne zilizozidi ni jani gumu. Hizo aombe radhi. Si kwa kamera, awaendee wenzake mmoja mmoja, hata Jonas, awaambie walikimbia kwa ajili yake wakashindwa, na kwamba ni mama yake aliyemzuia. Aseme hivyo hasa, ni mama yangu. Nitakubali kuandikwa gazetini, sura yangu hawaijui.

Lakini zile mbio na ng'ombe, ile filimbi, kile kichwa kilichonyolewa, hizo ni chai. Hizo asiziombee radhi kwa mtu yeyote. Asipokubali kuiita sherehe kwa kinywa chake, haitakuwa sherehe. Waandike wao. Wakimwacha nje Jumatatu, wamwache. Wakimrudisha Kiptere, mlango wa kijani upo, na Mlango Wazi ananiambia watoto wa hapa hawana mtu wa kuwafundisha, wanapiga mpira kama wanafukuza nyoka.

Nimeandika hivyo kama jasiri. Mimi si jasiri. Kila nikifika kwenye neno wamwache, kalamu naiweka chini. Amehangaika sana kufika kule, na wewe ulimfundisha kupiga ndizi iliyoiva kwa mguu wa kushoto isipasuke, ili asitegemee nguvu. Nikikosea hapa, nitakuwa nimemwangusha mara mbili, mara ya kwanza kwa video na mara ya pili kwa ushauri. Na kama nikikaa kimya asome, nitakuwa nimefanya kwa mtoto nililofanya kwa baba. Nimelizungusha kichwani tangu Jumanne. Pa kulilaza palipo laini sijapapata.

Kwa hivyo nakuahidi haya. Jumapili tukitoka kanisani, Achieng' ataniwekea simu mezani, nami nitamwambia Okoth jambo la Onyango kwanza, kabla ya jingine lolote, hata akinifokea. Nitampigia Onyango pia, nimwite mwanangu, nimwombe msamaha mimi mkubwa kwake mdogo. Halafu nitamwambia Okoth la majani. Halafu nitamwambia kwamba niliposema soma, nilikuwa naogopa, na kwamba baba yake aliwahi kuwekewa karatasi kama hiyo na mimi ndiye niliyemsukuma mkono. Hajawahi kujua kwa nini uliacha mpira. Anadhani ilikuwa mgongo. Nikimaliza nitanyamaza mimi, nimwache aseme yeye, hata kama itachukua kifurushi chote cha simu.

Na viatu vyako nimevitoa panya, nimevipaka mafuta ya kupikia, vinakauka juu ya dirisha. Nitavining'iniza mbele ya mlango, si nyuma.

Lala vizuri, Baba Okoth. Mvua inapungua, nasikia watu wameanza kutoka. Achieng' anarudi kutoka dukani na atataka kusoma, nami sitampa.

Nimebakiza jambo moja. Najua wenzako waliotutangulia wakitaka kitu huja ndotoni, na wewe hujaja hata mara moja, labda kwa sababu ya kuhama. Sasa njia nimekueleza: sokoni, posho mill, mlango wa tatu, gunia nimelitoa mwenyewe. Nitumie neno upesi, kabla ya Jumapili nikiwa bado na nafasi ya kubadilisha. Nikikosea, niambie nimekosea. Siku ile ya karatasi ulinyamaza nami nikadhani umekubali. Safari hii, nakuomba, usinyamaze.

Ni mimi,
Mama Okoth